Kadi za viambishi: shajara ya mradi wa mofolojia, Wete

Mei 6

Wanafunzi wa Kidato cha Pili hapa Wete fasili ya mofimu wanayo kwa moyo. Mwamshe mmoja usiku wa manane atakwambia: kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana. Sasa mpe neno *waliochumiana* alikate. Atakata wa-li-o-chu-mi-a-na. Hizo ni silabi. Mofimu zake ni wa-li-o-chum-i-an-a. Balaa la neno hili ni kuwa vipande ni 7 huku na 7 kule, kwa hiyo swali likiuliza “lina mofimu ngapi?” aliyekata silabi anapata alama zake zote na kwenda zake akijiona kafahamu.

Mradi umeanzia hapo. Mimi na mwalimu mwenzangu wa Kidato cha Tatu tumekubaliana kutengeneza sanduku la kadi: kila kadi mofimu moja, kila kazi rangi yake, na ubao wenye nafasi za kuzipanga. Fasili itakuja mwisho, mikono ikishazoea. Hakuna mtoto wa Pemba anayesema *liwachumiana*. Mpangilio wanao toka walipoanza kusema. Wanachokosa ni majina ya vitu ambavyo ndimi zao zinavipanga kila siku.

Manila, maka peni na gundi vimenunuliwa Chake Chake. Nyekundu ni mzizi, buluu viambishi awali (vya mbele ya mzizi), kijani vinyambulishi (vya nyuma ya mzizi, kama -i- na -an-), nyeusi kiishio (irabu ya mwisho).

Mei 15

Ubao umechorwa kwenye kipande cha plaiwudi. Kutoka kushoto: kikanushi, nafsi, njeo (wakati wa tendo), kirejeshi (kama -o- ya *waliochumiana*), mtendwa, mzizi, vinyambulishi, kiishio. Tukajaribu *hatutawachumia*: ha-tu-ta-wa-chum-i-a. Kila kadi ikakaa pahala pake, kirejeshi kikabaki kitupu, sote tukafurahi.

Furaha haikufika mbali. *Sichumi*: hiyo si- ni ukanushi au ni nafsi ya kwanza? Ni vyote viwili kwa pamoja, na huwezi kuipasua ukapata kipande cha “mimi” na kipande cha “sivyo”. Mwenzangu akapendekeza kadi pana, inayofunika nafasi mbili. Tumekata kadi pana. Kisha *asiyechuma*: hapa ukanushi umehamia nyuma ya nafsi, a-si-ye-chum-a, na njeo haipo. Basi ubao una nafasi mbili za ukanushi, moja ya ha- mbele kabisa na moja ya -si- baada ya nafsi, na zote mbili hazijai kwa wakati mmoja.

Hu- ya mazoea imechukua nafasi ya njeo na kuiacha ya nafsi wazi. *Mimi huchuma, wao huchuma*, neno halibadiliki, anayechuma unamjua nje ya kitenzi.

Kiishio kimepata kadi zaidi ya moja: -a ya *nachuma*, -i ya *sichumi*, -e ya *nichume*. Wengi wanaitazama hiyo irabu ya mwisho kama kifuniko tu cha neno, na vitabu vingine vya mazoezi vinaiacha ishikane na mzizi. Siafiki. Irabu inayobadilika pale kauli inapobadilika ina kazi, na yenye kazi inastahili kadi. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu ndivyo vinavyoleta utani: *sisafiri, sijibu, sisamehe*, irabu haiguswi. Lakini vinyambue, na -a hiyo inaingia: safir-ish-a, jib-i-w-a, sameh-e-w-a. Tumeviwekea bahasha yao.

Mei 28

Somo la kwanza na kadi. Tuliwapa herufi *m* peke yake, wakusanye maneno.

Walileta *mchumaji*, *mkarafuu*, *mmechuma*, *nimempa*, *mle mna giza*, wakazirundika zote fungu moja. Nikawauliza kila *m* inafanya nini. Ya kwanza inamtaja mtu mmoja, ya pili mti mmoja, ya tatu ninyi, ya nne yeye aliyepewa, ya tano ndani ya pahala. Fungu likagawanyika lenyewe. Tangu leo kila *m* ina kadi yake, na nyuma ya kadi imeandikwa kazi yake kwa maneno ya mwanafunzi aliyeitambua.

*Ku* ndiyo iliyochekesha darasa. Kijana mmoja wa nyuma alisimama akasema *sikukukuta*. Kelele. Likakatwa ubaoni: si-ku-ku-kut-a. Ku ya kwanza inakanusha wakati uliopita, ya pili ni wewe, ya tatu si kadi hata kidogo, ni mwanzo wa mzizi. Aliyetaka kukata kila palipo na *ku* alibaki na -ta mkononi hajui aiweke wapi.

Halafu ikaja *anakula*. A-na-ku-l-a, sawa, lakini hiyo ku ina maana gani? Ukisema *hali* au *ale* haipo, na maana ya kula haikupungua. Kinachoitaka ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na -na- haiwezi kuubeba, kwa hiyo kitenzi cha silabi moja hubaki na ku yake ili mkazo upate pa kukaa. Ha- na a- zinaubeba, ndiyo maana pale ku haihitajiki. Ndivyo kwa *anakufa, anakunywa, anakuja*.

Sasa ile fasili ya “kipashio kidogo kabisa chenye maana” tuipeleke wapi? Istilahi ya mofimu ilibuniwa na Mpoland Jan Baudouin de Courtenay katika karne ya 19, na mtazamo wa kusaka vipashio vidogo kabisa ukashika nguvu zaidi baada ya Mmarekani Leonard Bloomfield kuandika mwaka 1933. Fasili nzuri, imefanya kazi kubwa. Ila ku ya *anakula* ina kazi na haina maana. Kwa kadi zetu tumeandika: kipande chenye kazi.

Juni 11

Mpishi, mwandishi, mlinzi, mfuasi, mpenzi, mtunzi, mlevi. Kitenzi ni pika, andika, linda, fuata, penda, tunga, lewa. Kadi -i ikija nyuma, konsonanti ya mwisho ya mzizi inageuka: k inakuwa sh, nd inakuwa nz, t inakuwa s, g inakuwa z, w inakuwa v.

Kadi hazigeuki sauti. Hili ni tatizo la zamani kwa wanaisimu. Charles Hockett aliliandikia mwaka 1954 akitenganisha mikabala miwili, wa kupanga vipande na wa kueleza mabadiliko. Sisi hatukuwa na nafasi ya kuchagua mkabala, kengele ilikaribia kulia. Tukaandika pande zote mbili: mbele *pik*, nyuma *pish*. Ukiifuatisha na -i, unaigeuza kadi. Ukiifuatisha na -a, -aji au -ia, unaiacha. Nikawaambia hizo pande mbili ndizo alomofu, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikuandikwa daftarini kwa sura ya mtu aliyekula ndimu.

Binti mmoja aliuliza mbona ni *mpishi* lakini *mchumaji*, si *mchushi*. Jibu fupi: Kiswahili kina njia mbili za kumtaja mtenda, -i na -aji, na hii ya -aji huanza na a, ambayo haiumi konsonanti. Njia ya -i imekaa kwenye maneno ya zamani na imepoa. Ya -aji ndiyo wanayoishika watu wanapotaka neno la leo.

Julai 7

Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ubao ulitolewa uani pa skuli, wazazi wakapita. Maalim mmoja mstaafu alisimama mbele yake kitambo.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba. Ubao wenu mzuri, mwalimu. Lakini *kaja* iko wapi?”

“Ipi hiyo, maalim?”

“Kaja. Mgeni kaja, mvua kaleta yeye. Au nyinyi majumbani mwenu mnasema *amekuja*?”

Hatusemi. Nyumbani kwangu ni *kaja, kala, kesharudi, nshachuma, nna haja, sendi*. Na watoto hawa hawa tunaowafundisha kukata *amekuja* wakitoka nje ya geti wanasema *kaja*.

Julai 9

Mjadala wa leo na mwenzangu ulikuwa mrefu. Yeye anahofia mtihani wa taifa: mtoto akiandika *kaja* alama zinakwenda. Hofu yake ni ya haki. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikajenga juu yake. Tayari Askofu Edward Steere alikuwa ameichapisha sarufi ya Kiswahili cha Unguja tangu 1870. Kipemba hakikuitwa mezani, na mtihani haukiulizi.

Lakini mofolojia ni elimu ya namna maneno yanavyoundwa, na *kaja* limeundwa. Tuliipeleka ubaoni. Ka- inataja yeye mmoja, na papo hapo inasema jambo limekwisha tendeka. Nafsi na njeo katika kadi moja. Yaani kadi pana! Ile ile tuliyoikata kwa ajili ya si-. Na si ile -ka- ya *akaja*, ambayo ina nafsi yake mbele na inafuatanisha matukio. *Akaja, akakaa, akala* ni hadithi. *Kaja, kakaa, kala* ni habari ya sasa hivi. Herufi zile zile, kadi mbili.

*Nna* nayo ni *nina* iliyomeza irabu. *Sendi* ni si-end-i, irabu ya si- imezama kwenye e. *Kesharudi* ina *-isha* ndani yake: ka- ikakutana na i, zikawa ke.

Uamuzi: kadi za manjano, bahasha ya peke yake, juu imeandikwa “Tunavyosema nyumbani”. Mtihani una bahasha yake. Mwenzangu karidhia, kwa sharti kwamba kila kadi ya manjano iwe imeandikwa nyuma sura yake ya Kiswahili sanifu.

Agosti 19

Karafuu zimewiva na darasa limepungua nusu. Waliobaki wananukia karafuu. Kila uwanja una jamvi, kila jamvi lina karafuu, na macho yote yako mbinguni.

Somo lilikuwa vinyambulishi vya kawaida, -i-, -w-, -an-, -ish-. Wingu likaja. Jirani wa skuli, bibi mtu mzima, akapiga kelele: “Anueni! Anueni, mvua hiyo!” Watoto kadhaa walitoka mbio bila kuomba ruhusa, na sikuwazuia. Karafuu ikirowa ikiwa jamvini inaharibika rangi, na bei yake inaharibika nayo.

Waliporudi, mmoja wao aliyekuwa bado anapangusa miguu akaenda ubaoni bila kuambiwa. Aliweka *an* nyekundu, *ik* kijani, *a* nyeusi. Anika. Akaondoa *ik*, akaweka *u*. Anua. Kisha akanigeukia: “Sasa mwalimu, *an* ni nini?”

Hilo ndilo swali bora lililoulizwa toka tuanze mradi huu. Hakuna kitenzi *ana* chenye maana ya kuanika. Hakuna anayesema *nimeana karafuu*. Mzizi huu hauishi peke yake hata siku moja; unaishi ndani ya *anika* na ndani ya *anua*, na ukiutoa humo unabaki na sauti mbili mkononi. Lakini huwezi kuukana. *Anika* ni kutandaza kitu juani, *anua* ni kukiondoa, na kinachobaki sawa kwa yote mawili ni *an*. Kinachotofautiana ni -ik- ya kuweka na -u- ya kutengua.

Kamusi zetu huvipa *anika* na *anua* vidahizo viwili, kila kimoja na maelezo yake. Kwa mtu anayetafuta maana hilo halina ubaya. Vitabu vya sarufi vya skuli navyo hupenda mifano ya *cheza, chezea, chezesha, chezwa*, ambako mzizi uko uchi tangu mwanzo na mwanafunzi hana cha kuutafutia. Hapa ulikuwa umefichika, na mtoto aliyetoka kuanua karafuu kauona.

Tukaanza kusaka wenzake. Darasa zima lilichangia, na nilichofanya ni kuandika tu:

*Angika, angua. Tandika, tandua. Bandika, bandua. Funika, funua. Inika, inua. Ezeka, ezua. Chomeka, chomoa. Vika, vua.*

Ezeka na ezua aliileta kijana ambaye baba yake ni fundi wa mapaa ya makuti. Hiyo ndiyo iliyofungua jambo la pili. Mbona ni *ezeka* na si *ezika*? Kwa sababu mzizi una e, na irabu ya kinyambulishi huufuata: an-ik-a, fun-ik-a, lakini ez-ek-a, chom-ek-a. Ndiyo sheria ile ile ya *pikia, katia, fungia* upande mmoja na *semea, somea* upande wa pili. Mzizi ukiwa na e au o, kinyambulishi kinachukua e. Vitabu vyote vinayo.

Ila angalia upande wa kutengua. Chom-o-a imebadilika, sawa. Ez-u-a haikubadilika! Vivyo hivyo *tega* inakuwa *tegua*, si *tegoa*. Kwa hiyo -ik- inainama kwa e na kwa o, ila -u- inainama kwa o peke yake. Nusu ya darasa hawakuamini, wakatafuta neno la kunipinga, na kila walilolileta lilikaa upande wangu: *fuma, fumua, kunja, kunjua, ziba, zibua, choma, chomoa*. Sijaona vitabu vya kidato hiki vikiigusa tofauti hii, na ilikuwa juu ya paa la makuti muda wote.

Agosti 21

Kazi ya jana na leo: kuitenga -ik- ya *anika* na -ik- ya *vunjika*. Kwa macho ni moja. Kwa kazi zinapishana: *bibi ameanika nazi*, bibi kafanya, *nazi imevunjika*, nazi imefikwa na jambo na aliyeivunja hatajwi. Kadi mbili, moja imeandikwa nyuma “weka”, nyingine “patwa”.

Jambo zaidi. Bibi jirani tulipokwenda kumshukuru kwa somo alilolitoa bila kujua, alimwambia mjukuu wake: “Nenda ukanianulie na zile za jirani.” *Ukanianulie*. U-ka-ni-an-ul-i-e. Hiyo l imetoka wapi? Haikuwapo kwenye *anua*. Ni kama ile ya *fungua, fungulia*, *toa, tolea*, *zaa, zaliwa*, *chukua, chukuliwa*. Zamani l hiyo ilikuwapo mwisho wa mzizi au mwisho wa kinyambulishi, ikapotea ilipokaa mbele ya a ya mwisho, na bado hujitokeza kinyambulishi kingine kikija. Kadi ya -u- sasa imeandikwa pande mbili: mbele *u*, nyuma *ul*.

Zipo zilizogoma. *Chambua*: karafuu huchambuliwa, makonyo, yaani vijiti vyake, yakaenda fungu lake. Ina -u-, ina l yake iliyojificha, ila hakuna *chambika* ya kuioa. *Pakia, pakua* na *fukia, fukua* zina mwenza, ila upande wa kuweka ni -i-, si -ik-. Hizi ziko kwenye kasha dogo lililoandikwa “Kazi ya mchana”, kwa ajili ya wanaomaliza mapema.

Septemba 17

Skuli moja ya upande wa Konde imeazima sanduku. Wameomba kadi za ngeli. Tunazitengeneza kwa upatanisho, A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyingine, kama vitabu vyetu vinavyofanya. Karafuu ni nzuri kwa hili: *mkarafuu umechanua, mikarafuu imechanua; karafuu imekauka, karafuu zimekauka; kikonyo kimedondoka, vikonyo vimedondoka; jamvi limerowa, majamvi yamerowa*. Shamba moja, ngeli nne.

Mwalimu wa kule anasema watoto wote wameweka *kijana* na *kipofu* kwenye KI-VI. Kwa umbo wako sawa. Kwa upatanisho ni *kijana amefika*. Nimemshauri asiwasahihishe haraka. Awape kitenzi tu, kitawahamisha wenyewe.

Oktoba 8

Vinyambulishi vinapofuatana. Tumewapa kadi pig, an, ish, w, a, wapange wanavyotaka. Wakapata *pigana*, *piganisha*, *piganishwa*, na mmoja akaweka ish mbele ya an: *pigishana*. Tukauliza tofauti. *Piganisha* ni kuwafanya watu wawili wapigane, wewe umekaa pembeni. *Pigishana* ni kila mmoja kumfanya mwenzake apige. Kama *someshana*, alisema yule aliyeiunda, mimi nakusomesha hesabu na wewe unanisomesha Kiarabu. Mpangilio umebadilisha nani anafanya nini, na kadi hazikuongezeka hata moja.

-w- kila mara ilibaki mwisho, kabla ya kiishio. Aliyejaribu *pigwanisha* alizomewa na kundi lake kabla sijafungua mdomo.

Hali ilivyo: sanduku la Wete limekamilika isipokuwa kadi za njeo za manjano. La Konde linarudi wiki ijayo, na nimeambiwa kadi za *m* zimechanika pembe kwa kushikwa sana. Manila haitoshi. Mwenzangu anakwenda Chake Jumamosi kutafuta kadibodi nzito, na plastiki ya kufunikia, ikipatikana kwa bei ya kueleweka.